Jina Ambalo Mzee Nambole Hakutaka Kuliandika

Simu iliingia nikiwa uani napepeta mbaazi. Alikuwa Halima, binti wa Mzee Nambole, ananipigia kutoka Ruangwa kuniambia kwamba baba yake amefariki alfajiri na maziko ni kesho yake baada ya sala ya adhuhuri. Nikasema maneno yanayosemwa, nikampa pole, nikakata simu, nikabaki na ungo mapajani. Ningependa kuandika kwamba nililia. Sikulia. Nilianza kutafuta sababu za kutokwenda: goti langu, mvua, mbuzi asiye na wa kumwangalia. Mwanamke wa miaka sitini na ushee, mwenye wajukuu, naogopa msiba wa mtu aliyenitendea wema! Sasa nimeshakwenda na nimesharudi, na goti halikuniua, kwa hiyo acha niseme kilichokuwa kinanitisha. Ni mambo ya mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja, na sijapata kumsimulia mtu yeyote, hata mume wangu niliyemzika.

Mwaka ule ulinikuta nikiwa mpiga chapa wa Mzee Nambole. Ofisi yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake pale Ruangwa, hatua chache kutoka sokoni: dirisha moja la mbao, sakafu ya saruji iliyopasuka, meza mbili, mashine mbili za kupiga chapa, na harufu ya karatasi za kaboni ambayo mpaka leo nikiisikia mahali moyo unashtuka. Watu walikuja kuandikiwa barua. Mwalimu anaomba uhamisho, mkulima wa Likunja anagombania shamba la mikorosho na shemeji yake, mjane anataka kujua kwa nini jina la mumewe halimo kwenye orodha ya malipo. Mzee aliwasikiliza mpaka mwisho, hakuwakatisha hata wakipotea njia, halafu akafumba macho, akaweka mkono gotini, akaanza kutamka na mimi napiga. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuharibika, hakuona vizuri maandishi. Nikimaliza namwekea karatasi mbele, nashika kidole chake nakiweka pa kusaini, anasaini. Hakusoma hata mara moja. Nilikaa naye miaka mitatu na hakuniuliza hata siku moja kama nimeandika alichosema.

Mchana Bi Esha, mkewe, alituletea ugali wa muhogo na mbaazi, au kukiwa na msimu ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha na chumvi na pilipili. Mzee alikula barazani na wateja wanaume, mimi nilikula jikoni na Bi Esha, na kwa kuwa ukuta wa jikoni ulikuwa wa miti na udongo uliodondoka nusu, tulisikia kila neno. "Huyu binti yako ana vidole, Nambole," mtu alisema siku moja. Mzee akajibu, "Si vidole. Ana adabu. Vidole hata nyani anavyo." Bi Esha akanikanyaga mguu kwa furaha. Nimeolewa, nimezaa, nimesifiwa harusini, lakini sifa ile ndiyo niliyoila na kushiba. Leo pale palipokuwa na jiko pana kibanda cha Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, wanauza maziwa kwenye madumu ya njano, na vijana wa Ruangwa wanapita na bodaboda wakiitana majina ya Dar. Nilisimama pale siku ya msiba nikatafuta ukuta wangu sikuuona.

Sasa niseme habari ya majina, maana bila hiyo hamtanielewa. Mimi ni Somoe. Nilitoka unyagoni na jina hilo, na siku niliyotoka, jina nililozaliwa nalo likazikwa. Kwetu ndivyo ilivyokuwa, na kwa wengine bado ndivyo ilivyo. Jina la utotoni la mtu mzima halitajwi. Akikutajia mwenzio wa rika mnapigana, akikutajia mwanaume asiye ndugu yako amekuvua nguo mbele za watu, na wazee watamtoza faini. Shule nayo ina mambo yake. Nilikuwa nimeandikishwa darasa la kwanza kwa jina la utotoni, nikaenda unyagoni likizo ya darasa la sita, nikarudi Somoe, na mwalimu mkuu akasema jina kwenye daftari halibadiliki. Mwalimu wa darasa alikuwa mwenyeji, alijua aibu yake, akawa ananiita kwa namba. Cheti changu cha darasa la saba kikatoka na jina lile. Nilikifunga kwenye kipande cha khanga nikakitia chini ya sanduku. Jina lenyewe siliandiki hapa, na msinisumbue.

Masika ya mwaka ule lilibandikwa tangazo kwamba ofisi moja kubwa Nachingwea inatafuta karani mpiga chapa. Kazi ya kudumu, yenye kiti chako, yenye likizo, yenye kustaafu. Waombaji walete cheti cha shule na barua ya mwajiri. Nilimsomea Mzee tangazo lile nikijua namwambia namwacha. Nje mtu alikuwa anapatana bei ya ufuta. Kisha akasema, "Weka karatasi nzuri. Weka na kaboni mbili." Akafumba macho. "Kwa yeyote anayehusika. Mimi niliyesaini hapa chini ninamfahamu Somoe binti..." na akaendelea mpaka kwa baba yangu na babu yangu. Vidole vyangu vilisimama. Nilijua cheti kimeandikwa nini. Nilijua pia kwamba yeye haoni, na kwamba nikipiga jina lile badala ya Somoe atasaini palepale nitakapomshikisha kidole, na hakuna mtu duniani atakayejua. Neno moja tu! Lakini alikuwa amekaa hatua moja kutoka kwangu, baba wa watu, kafumba macho, ananisifu. Niligusa herufi ya kwanza, nikaondoa kidole. Nikapiga Somoe. Nikajiambia watu wa Nachingwea nao ni watu wetu, wataelewa.

Nilikwenda Nachingwea Jumatatu juu ya lori la chumvi. Bwana aliyekuwa anapokea maombi hakuwa mtu wa huku, alitoka kaskazini, shati limepigwa pasi, na sikatai, alikuwa mpole mwanzoni. Alinipa karatasi nipige kwenye mashine yao. Nikapiga. Wasichana wa ofisini wakaacha kazi wakanitazama. Akasema, "Safi kabisa." Niliona kiti. Wallahi nilikiona kiti, cha mbao, kina mto mwekundu, kando ya dirisha. Akaniambia nisubiri nje kwenye benchi aangalie karatasi zangu. Pale kwenye benchi walikuwepo wazee wawili wa Chiola na mama mmoja aliyejitanda khanga, tukasalimiana vizuri, tukaulizana habari za mvua. Ghafla yule bwana akatokeza kichwa mlangoni, cheti mkononi, akaita kwa sauti ya kufika barabarani. Aliita jina lile. Aliliita mara mbili, na ubini wake.

Wazee wakainamisha macho. Yule mama akavuta khanga usoni. Mimi nilinyanyuka, kwa sababu kama nisingenyanyuka angeita mara ya tatu, na kwa kunyanyuka nikawa nimekiri mbele yao kwamba ndimi. Ndani aliniwekea karatasi mbili sambamba mezani. "Binti, hawa ni watu wawili." Nikasema ni mimi mwenyewe, bwana. "Nani kasema? Karatasi haisemi hivyo. Cheti ni cha mmoja, sifa ni za mwingine." Nikamweleza habari ya unyago, kwa shida, maana hayo nayo hayaelezwi kwa mwanaume. Akacheka, si kwa ubaya, nadhani alifurahi tu kujifunza kitu. "Nyie watu wa huku mna kazi kwelikweli!" Nikauliza kama kiapo cha mahakamani kingefaa. Akasema kiapo ni neno lako mwenyewe, mimi nataka neno la mwajiri, aandike kwamba mwenye cheti hiki ndiye aliyefanya kazi kwake, jina kama lilivyo hapa. "Ijumaa saa nane na nusu nafunga faili," akasema. "Nafasi ni yako, lakini niletee barua."

Jumanne jioni nilikuwa mbele ya Mzee Nambole. Nilitegemea aseme neno la kunituliza. Aliposikia ninachotaka, akanyanyuka, akaenda kusimama dirishani, amenipa mgongo. "Unataka nikutukane kwa mkono wangu mwenyewe," akasema. Nikamwambia Mzee, ni karatasi tu. Akageuka. "Karatasi tu? Miaka mitatu unakaa humu hujajua karatasi ni nini? Mimi nikiandika, limeandikwa. Litakaa kwenye faili baada ya mimi kufa, kwamba Nambole alimwita binti wa watu hivi." Nililia, nikapiga magoti, nikasema mambo ambayo sijivunii, hata nikamwambia kwamba hataki niondoke kwa sababu hatapata mwingine wa kumtumikisha. Bi Esha akatoka jikoni akasema, "Somoe! Ala!" Mzee hakukasirika. Alikaa kitini kama aliyechoka ghafla, akauliza ni nani aliyenipa jina lile. Nikasema mjomba. "Basi twende kwa mjomba," akasema. "Yeye akilifukua, mimi nitaliandika."

Jumatano tulikwenda Likunja, yeye anakokota baiskeli na mimi nyuma, maana njia ilikuwa tope tupu. Mjomba hakuwepo, alikuwa shamba la mbali, tukalala kwa jirani. Alikuja Alhamisi, jua likiwa limeshapanda. Mjomba wangu Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji, kwa hiyo walizungumza Kimwera, wamekaa kwenye vigoda, nami nimekaa mbali na miguu nimeinyoosha kama mwali. Nilimsikia Mzee Nambole, mtu aliyetungia barua wilaya nzima, anatafuta maneno. Mjomba alikataa, akauliza, akakataa tena. Akataka ajue ofisi gani hiyo isiyotosheka na jina la mtu mzima. Mwishowe akaingia ndani akatoka na unga wa mtama kwenye kata, akaumwaga kidogo kidogo mlangoni akiongea na waliokufa, akawaomba radhi kwa kumsumbua mtoto aliyelala. Kisha akamnong'oneza Mzee sikioni. Nikaona uso wa Mzee. Nilikuwa nimefanya kazi naye miaka mitatu na hakuwahi kunitazama namna ile, wala hakunitazama tena kabisa baada ya pale. Njia nzima ya kurudi alitembea mbele.

Barua hii hakunitamkia. Alisema hawezi kulitoa mdomoni mbele yangu. Aliandika kwa mkono, pua imegusa karatasi, mistari inapanda na kushuka, na kila mara anafuta jasho. Ilimchukua saa nzima. Bi Esha alimsimamia na taa. Alipomaliza akaikunja, akaiweka mezani badala ya kunipa mkononi, akasema, "Nenda, mwanangu. Mungu akupe." Sikuisoma mpaka nilipofika chumbani kwangu. Mwisho aliandika kwamba mimi ni mwaminifu na kwamba katika miaka mitatu sikuwahi kumwambia uongo.

Ijumaa gari halikuja. Mvua ilikuwa imekata barabara, magari yamekwama huku na huku. Nilisimama stendi tangu alfajiri, barua nimeifunga kwenye nailoni kifuani, nikahesabu kila mlio wa injini mpaka saa nane na nusu ikapita nikiwa bado nimesimama palepale. Mtu mmoja aliniambia, "Dada, nenda nyumbani, utaugua." Sikwenda. Nilianza kutembea Jumamosi, nikapata tingatinga lililonisogeza, nikatembea tena, nikaingia Nachingwea Jumapili jioni na miguu imevimba. Jumatatu asubuhi nilipofungua mlango, kwenye kile kiti chenye mto mwekundu alikuwa amekaa msichana mwingine. Alikuwa anapiga kwa vidole viwili. Yule bwana akaipokea barua, akaisoma yote, akasema, "Sasa hii ndiyo barua! Hii imekamilika." Akanirudishia. Akasema nijaribu tena nafasi zikitokea. Hazikutokea.

Ningerudi Ruangwa, mtasema. Nami nilijisemea hivyo kila asubuhi katika chumba nilichopanga nyuma ya soko la Nachingwea, chumba kisicho na dirisha, chenye mkeka na sufuria moja. Lakini nirudi nikaseme nini? Kwamba alijivunjia heshima bure? Kwamba mjomba aliwaamsha wafu bure? Siku za kwanza nilikula uji tu, halafu hata uji ukanishinda, nikawa nalala mchana uso umeelekea ukutani. Nilitamani kufa, nalisema bila kupamba. Nilipoamka ilikuwa kwa sababu ya njaa, nikaanza kuuza ming'oko sokoni, na hiyo ndiyo kazi niliyoifanya, hiyo na vitumbua, mpaka wanangu wakakua. Wale wazee wa Chiola walikuwa wamesimulia, maana walevi wa pale sokoni walinipigia kelele kwa jina lile. Nikazoea kuitika. Kuna siku nilishtuka mtu aliponiita Somoe.

Na hapo ndipo lilipo lile lililonitisha. Baada ya mwezi hivi, mtu wa Ruangwa aliyekuja kununua chumvi akaniona, akasema, "Mzee Nambole anauliza kila siku, eti umepata ile kazi?" Ungo wa ming'oko ulikuwa chini miguuni, hakujua ni wangu. Nikasema, "Mwambie nimepata." Ndivyo nilivyosema, maneno mawili. Sikuyafikiria hata kidogo. Nilitaka tu alale usingizi.

Msimu wa korosho wa mwaka uleule alikuja mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi. Nilimwona akipita katikati ya soko na koti lake la siku za Idi, kuku kwapani, anauliza watu ofisi ilipo kwa sababu haoni vibao. Niliacha biashara yangu nikamfuata kwa mbali. Ofisi ilikuwa imefungwa. Nikamsikia akimwambia mlinzi, kwa sauti ya mtu anayejisikia, "Nina binti yangu humu, karani." Mlinzi akamwambia leo hawapo. Akasimama kidogo, akapapasa ukuta wa jengo kwa kiganja, akamwachia mlinzi yule kuku anipe, akarudi stendi. Nilikuwa nyuma ya ukuta, karibu kiasi cha kusikia anavyokohoa. Ningenyoosha mkono ningemgusa. Nikamtazama anapandishwa garini na utingo, nikarudi sokoni. Sikumwona tena akiwa hai.

Nilikwenda msibani basi, hayo yote nimeyabeba. Wanaume walikuwa uwanjani na turubai, sisi tukaingia ndani kwa mjane. Bi Esha amekuwa mdogo, amekaa chini kwenye mkeka wa eda, amevaa nyeupe tupu, lakini masikio yake ni yaleyale. Nilipompa pole alinishika mkono kabla sijataja jina. "Somoe," akasema. Akawageukia wanawake waliojaa chumbani. "Huyu ndiye karani wetu wa Nachingwea, yule ambaye Mzee alikuwa anawaambieni habari zake." Wakanisogezea nafasi. Mmoja akaniondolea viatu mlangoni akaviweka pazuri. Bi Esha akanivuta karibu, akateremsha sauti, ingawa chumba kizima kilisikia. "Usiku ule alivyoandika barua yako aliugua, unajua? Homa siku mbili. Akawa anasema nimemkosea mtoto wa watu, nimemkosea. Ulipoleta habari kwamba umepata, ndipo akala. Mpaka juzi kitandani alikuwa anasema, niliandika barua nyingi, sijui ngapi zilifika, lakini ile ya Somoe ilifika." Akanipapasa vidole, kimoja kimoja, kama anavihesabu, vidole vilivyoungua mafuta ya vitumbua miaka yote ile, na sijui alihisi nini.

"Na sasa unapumzika, mwanangu? Umestaafu lini?"

Wanawake wote walikuwa wananitazama.

"Mwaka juzi, mama," nikasema.